Farasi wa Kumketisha Binti Yangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, jirani yeyote wa mtaa wetu wa Tshopo atakuambia. Lakini kwa farasi sikuwahi kupaza sauti. Miaka kumi na miwili niliwatunza farasi wa klabu ya Wazungu kule Makiso, katikati ya mji, na farasi ukimkaripia asubuhi, mchana hakupi mguu umsafishe kwato. Basi hasira zangu nilikuwa naziweka, nazileta nyumbani jioni, na mke wangu ananirudishia zote pamoja na za kwake.

Naandika haya kwa sababu binti yangu, ambaye sasa ni mama mwenye watoto, ameniambia niandike. Anasema nikisimulia kwa mdomo naruka-ruka. Sawa. Nitaenda polepole, na nikikosea atanisahihisha, maana amerithi mdomo wa mama yake.

Alikuwa na miaka miwili homa ilipomshika. Ilikaa siku nne, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake na nusu ya mgongo. Polio, walisema hospitali. Ukimweka kwenye mkeka anainama upande mmoja mpaka anaanguka, kwa hiyo tulikuwa tunamzungushia mito. Akili, loo, hiyo alikuwa nayo! Alipofika miaka mitano alisema Kiswahili changu, Lingala ya mama yake, na Kifaransa cha matusi alichookota sijui wapi. Nilimbeba mgongoni mpaka shuleni nikamwombe mwalimu ampokee.

Mwalimu alimtazama, akaniambia, "Papa, miye sikatai mutoto. Lakini benchi haina mugongo, na niko na batoto wengi, siwezi kumushika yeye peke yake. Siku atakaa bila mutu kumushika, umulete. Hata kama ni kesho." Hakusema kwa ubaya. Mimi nilikasirika hata hivyo, nikamwambia maneno ambayo baada ya juma moja nilirudi kuyaombea radhi.

Mwaka wa uhuru, wenye farasi wakaondoka. Wa kwanza waliondoka na masanduku, wa mwisho waliondoka na nguo za mwilini. Farasi walikuwa wanne. Wawili walipandishwa boti, wawili wakabaki. Mkubwa wa klabu alinipa ufunguo wa banda akasema atarudi baada ya majuma mawili. Nadhani bado anafunga mizigo.

Waliobaki walikuwa dume mmoja mwekundu aliyehasiwa, mrefu, mzuri wa kutazama, na jike mmoja wa kijivu, mfupi, mpana, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Yule mwekundu Wazungu walimpenda kwa sababu alikuwa moto. Alikwisha kuwaangusha watu wawili wenye vyeo mbele ya wake zao. Lakini baada ya uhuru akatulia. Alisimama kichwa chini, macho nusu yamefumba, unamwinua miguu yote minne na yeye hajali. Mlinzi wa klabu, mzee mmoja mcheshi, alikuwa anasema, "Na huyu amepata uhuru yake. Hakuna tena mutu wa kumupiga fimbo, sasa iko na amani." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Utani huo niliutembeza soko zima la Makiso, na watu waliupenda, kwa sababu siku zile kila mtu alitaka kuona uhuru umeleta kitu mahali fulani. Mimi mwenyewe niliuamini.

Miezi michache baadaye akaja masœur, mtawa wa Kizungu aliyekuwa na nyumba ya watoto wenye miguu dhaifu kama wa kwangu. Yeye hakukimbia. Alikuwa mwembamba, mwenye viatu vya kiume, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa wote wa klabu. Akanieleza kwamba huko kwao watu waliopooza wanapandishwa farasi. Farasi akitembea, alisema, anamtikisa mtu kiunoni vilevile kama mtu huyo anatembea kwa miguu yake. Mgongo ambao haujawahi kutembea unadanganywa kwamba unatembea, na kidogo kidogo unajifunza kujishika.

Nikamuuliza, "Masœur, na mgongo ukijifunza, mtoto ataweza kukaa kwenye benchi ya shule?"

"Wengine wanaweza, papa. Siahidi. Lakini nichagulie farasi mmoja, tujaribu."

Sasa hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Miaka yote nilikuwa nawachagulia farasi watu wanaotaka kukimbia. Nikafikiri kumchagulia mtoto mlemavu ni kugeuza tu: huko ulitafuta moto, hapa tafuta ubaridi. Nani alikuwa baridi kuliko mwekundu wetu aliyepata uhuru wake? Nikampiga brashi mpaka akang'aa, nikamtoa nje nikijivuna. Na binti yangu nikamweka awe wa kwanza kupanda. Sitaficha. Mwenye ufunguo wa banda nilikuwa mimi.

Hatukumwekea tandiko. Tulikunja blanketi, tukalifunga kwa mkanda wenye mshikio wa ngozi mbele. Mimi niliongoza farasi, masœur akatembea ubavuni akimshika mtoto kiunoni. Asubuhi ya kwanza binti yangu alilia. Ya pili alinyamaza. Ya tatu alianza kuniamrisha: papa geuka, papa simama, papa huko kuna jua. Asubuhi nane zilipita hivyo, na usiku niliota benchi ya shule.

Asubuhi ya tisa, pahali tambarare kabisa, bila jiwe, bila shimo, miguu ya nyuma ya mwekundu ikapishana. Akayumba. Halafu akaketi chini kama mbwa. Binti yangu akachomoka mikononi mwa masœur, akaangukia bega. Ule ukelele bado ninao masikioni. Nilimwokota, nikakimbia naye mpaka kwa masœur mwingine aliyekuwa muuguzi, akampapasa mfupa mmoja mmoja, akasema hakuna kilichovunjika. Hapo ndipo nilipokumbuka kupumua.

Nyumbani mke wangu alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Nilipomwambia, aliweka mchi chini taratibu, na mke wangu akiweka kitu taratibu, ogopa. "Nzambe! Unataka kuniulia mutoto juu ya nyama ya bazungu? Hatapanda tena. Imekwisha." Nyama, kwake, ni mnyama yeyote. Siku tatu alinipakulia lituma, ndizi za kuponda, bila mchuzi. Nilikula.

Siku ya tatu niliingia bandani nikampapasa mwekundu mwili mzima, kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla sijampandisha mtoto wa mtu yeyote. Chini ya tumbo palikuwa pamevimba. Nilidhani ni unono. Nikabonyeza kidole, nikakitoa, na shimo la kidole likabaki pale pale. Mbavu zilikuwa zinahesabika, na kila siku alikuwa anamaliza chakula chake. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu, si kwa kutaka ushauri, kwa kukosa mtu mwingine wa kumwambia.

Hakunitazama. Alisema, "Tonton wangu wa Barumbu iko infirmier wa ng'ombe kwenye plantation. Nitamutumia neno na boti. Si juu yako. Ni juu ya nyama, yeye haina kosa."

Tonton, mjomba wake huyo mganga wa ng'ombe, alifika na sanduku la bati na harufu ya samaki wa moshi, kwa sababu boti lilikuwa limejaa wafanyabiashara na alikalia mizigo yao njia nzima. Alikuwa mtu mfupi, hana haraka. Alimfunua mwekundu midomo, akanionyesha ufizi: mweupe. Akavuta kope la chini: jeupe. Akabonyeza tumbo palepale nilipobonyeza mimi. Halafu akamsukuma kidogo kwenye paja, na farasi mkubwa yule akapepesuka nusura atuangukie.

"Tangu lini ametulia hivi?" akauliza.

Nikamjibu, tangu uhuru. Na kwa sababu mimi ni mpumbavu, nikamsimulia ule utani.

Tonton hakucheka. "Bokilo," akaniambia, yaani mkwe, "huyu hajatulia. Huyu anakufa polepole. Ni mbung'o. Inzi wa msitu amemutia ugonjwa kwenye damu, na usingizi ule muliona ni amani."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Ugonjwa niliuita tabia njema, nikaucheka, na juu yake nikampandisha mwanangu. Tonton akazunguka banda lote kutafuta sababu, akaipata. Mwekundu, kwa kuwa ni mzuri, tulimpa chumba kizuri, upande wa miti, penye kivuli na upepo wa mto. Huko ndiko mbung'o wanakokaa. Yule jike wa kijivu tulimtupa mwisho, karibu na jiko la mlinzi, ambako kuni mbichi zilitoa moshi kutwa. Ule moshi ulifukuza inzi. Ufizi wake ulikuwa mwekundu safi.

Mwekundu alipigwa sindano, akapumzishwa, akapigwa nyingine. Nilimhamishia upande wa jiko na nikawasha moshi wa majani asubuhi na alasiri, kila siku, mpaka nguo zangu zikanuka kama za mpika pombe. Tumbo likashuka. Ufizi ukarudi rangi. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimeinama na ndoo nyuma yake, akanirushia teke. Ilipita karibu na sikio langu, ndoo ikaruka mpaka ukutani. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Alhamdulillahi, nikasema, huyu amepona, na kwa mtoto hafai kabisa.

Akabaki jike. Tonton alikuwa bado yupo, boti lake lilikuwa halijaja, akasema tumjaribu. Safari hii tulianza na mwili: ufizi, kope, kinyesi, kwato moja moja, mgongo kwa kidole kutoka shingoni mpaka mkiani, tukiangalia kama kuna pahali anaposhtuka. Mgongo ulikuwa mpana na laini. Urefu wake ulinifikia kifuani, maana yake mtu akitembea ubavuni anaweza kumshika mtoto bila kunyoosha mikono. Hatua zake zilikuwa za sawasawa, tap, tap, tap, kama anayejua anakokwenda. Nilianza kufurahi. Kisha nikavuta mkanda wa tumbo, akalaza masikio, akageuka akaniuma mkono wa shati.

"Ona," nikasema, "huyu ana roho mbaya."

Tonton akasema, "Unamufunga kama gunia la kahawa. Hata miye ningekuuma."

Akaulegeza mkanda, akaufunga tundu moja, akamkuna shingo, akangoja. Tundu la pili, akangoja tena. Jike hakuuma tena. Alikuwa na ule uso wake wa siku zote, lakini alisimama. Tukatikisa shuka mbele yake, tukafungua mwavuli, tukaburuta makuti, tukaangusha magongo ya watoto kwenye saruji. Kila mara sikio moja liligeuka kusikiliza, na miguu ikabaki pale. Nilielewa tofauti. Mwekundu alipokuwa mgonjwa hakusikia kitu. Huyu alisikia kila kitu, na aliamua kubaki.

Kazi iliyobaki ilikuwa mke wangu. Sikuthubutu kumwomba. Tonton ndiye aliyemwambia, na kesho yake mama huyo akatokea bandani bila kualikwa, amebeba vifuniko viwili vya sufuria. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya jike akavigonganisha, pwaa! Mimi ndiye niliyeruka. Jike alimtazama mke wangu. Mke wangu akamtazama jike. Sijui walisemezana nini wale wawili.

"Bon," akasema. "Apande. Lakini weye mwenyewe ndiyo utamushika. Usimupe mutu."

Nikamshika. Wallahi nilimshika. Nilimfundisha jike kufuata sauti yangu, ili mikono yangu iwe huru kwa mtoto. Mwanzo nilimshika makwapani. Baada ya mvua za kwanza nikashuka kwenye mbavu, baadaye kiunoni. Watoto wengine wa masœur walipanda pia, zamu kwa zamu, na jike hakumfanyia hila hata mmoja, isipokuwa mtoto mmoja ambaye alimla kofia. Mimi nilipunguza nafaka, chakula cha kumpasha farasi damu, nikamkausha kwato kila jioni kwa sababu unyevu wa kwetu unaozesha kwato, nikamkagua ufizi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Sikungoja tena mnyama aniambie kwa kuanguka.

Mwaka ukapita, na mwingine. Masœur alinipa kipimo chake: siku binti yangu ataweza kuzunguka uwanja bila kushikwa, mpeleke shule. Na hapo ndipo nilipokwama. Kila masœur aliposema "mwachie kidogo", mikono yangu ilikataa. Niliona tena ile miguu ya nyuma ikipishana. Nilisema leo jike amechoka, leo kuna upepo, leo mtoto amekohoa. Binti yangu alianza kunipiga vidole: "Papa, unanifinya!" Masœur akaniambia siku moja, kwa upole, "Papa, mtoto hahitaji tena hiyo mikono. Sasa unajishika mwenyewe." Nilikasirika nikaenda kufagia banda ambalo lilikuwa limeshafagiwa.

Halafu waasi wakaja. Askari wa serikali walipokimbia walimkokota mwekundu waende naye, na nilisikia alimwangusha mmoja wao njiani akaingia msituni na tandiko lake, sikumwona tena. Wazungu wa mji walikusanywa kwenye nyumba za Makiso chini ya ulinzi, na masœur akiwamo. Alitoka salama mwishoni, nalisema mapema ili usiwe na wasiwasi kama niliokuwa nao mimi. Lakini miezi ile sikujua. Nilifungua banda, nikamchukua jike kwa njia za nyuma mpaka nyumbani Tshopo, nikamficha nyuma ya nyumba kati ya mihogo na choo. Mficha farasi hana siri. Kesho yake alikuwa amekula maua ya jirani, na mtaa mzima ulijua.

Binti yangu alitaka kupanda kila asubuhi kama kawaida, na nilimpandisha. Shule zilikuwa zimefungwa, mizinga ilisikika mbali, mke wangu alikuwa halali. Kumzungusha mtoto nyuma ya nyumba ndicho kitu pekee kilichokuwa kama jana.

Lazima nieleze sheria za wale vijana wa uasi, kwa sababu kila mtu mjini alizijua, usipozijua unakufa. Walinyunyiziwa dawa ya maji na kuchanjwa kwenye paji la uso, na risasi, walisema, inageuka maji. Lakini dawa ilikuwa na miiko. Asiguse mwanamke. Asiguswe na mtu asiye na dawa. Akienda, asitazame nyuma. Barabarani wanawake waliwapisha mbali, na sisi wanaume tulitembea mikono nyuma ili mtu asidhani tunataka kumgusa.

Walikuja wanne, asubuhi, mke wangu ameenda sokoni. Walikuwa na majani kichwani na mikuki, mmoja alikuwa na bunduki, na mkubwa wao alikuwa na ngozi ya nyani begani. Binti yangu alikuwa juu ya jike, mimi nimemshika kiunoni.

"Tunakuya kukamata farasi," akasema yule wa ngozi. "Mukubwa wetu hawezi kutembea kwa miguu kama ninyi. Toka pale!"

Hakunigusa. Alinisukuma kwa mpini wa mkuki kifuani, hatua moja, mbili, tano, mpaka mgongo wangu ukagonga ukuta wa nyumba. Nakuapia, sikuona mkuki. Niliona mikono yangu iko mitupu. Niliona blanketi, mkanda, na mtoto wangu kule juu, hana mtu.

"Shusha mutoto!" akanipigia kelele.

"Usitikisike!" akanipigia kelele yule wa bunduki.

Mmoja anataka nimshushe, mwingine anataka nisisogee. Jike alisogea kando kwa sababu ya mikuki, hatua tatu nne, kwa lile pigo lake la tap, tap, na mimi nikafumba macho.

Sikusikia kishindo. Nilifumbua. Binti yangu alikuwa amekaa. Jike alipokwenda kulia, mgongo wake ulikwenda kulia ukarudi katikati. Jike alipogeuka, naye akageuka. Mkono mmoja ulishika mshikio wa ngozi, na mwingine, ee Mungu wangu, mwingine alikuwa anafukuzia inzi usoni. Alikuwa ananitazama mimi, si wao.

Vijana walianza kubishana nani amshushe. Kila mmoja alirudi nyuma, maana huyo ni mtoto mwanamke. Mkubwa akasema, "Papa yake amushushe." Mkuki ukaondoka kifuani kwangu. Nikapiga hatua moja. Binti yangu akasema, "Papa, acha." Alisema kwa sauti ile ile ya papa simama, papa geuka. Nikasimama.

Mmoja wa wale vijana, mdogo wa sura, mwenye kuonekana anaichunga miiko kuliko wenzake, akakuna shingo. "Chef, ile blanketi mutoto mwanamuke anaikalia. Mukubwa ataikalia pia?"

"Tutatoa blanketi."

"Na mugongo chini ya blanketi?"

"Tutaosha mugongo!"

Kijana akafikiri. Akautazama ule uso wa jike, na jike akalaza masikio. "Na yeye mwenyewe… iko dume ao iko jike?"

Wote wanne wakanigeukia. Nimesema uongo mara nyingi maishani, kwa mambo madogo zaidi. Siku hiyo ukweli ulinitosha.

"Iko jike," nikasema. "Tangu azaliwe."

Mkubwa wa ngozi ya nyani akarudi nyuma hatua mbili, akainama, akachungulia mwenyewe kutoka mbali. Akainuka. Akautazama mkuki wake, nadhani akijiuliza kama ncha imegusa. Wazo la mukubwa wao amemkalia mwanamke mapaja wazi mbele ya jeshi zima, na dawa yote inamtoka, nililiona likipita usoni mwake polepole.

"Hatukuja hapa," akawaambia wenzake. "Hatukuona nyama yoyote." Ili wasiondoke mikono mitupu walikamata kuku wangu, na hata hapo walichukua jogoo peke yake, majike wakawaacha. Wakaenda, na hakuna aliyetazama nyuma.

Nilitaka kumkimbilia mtoto. Miguu yangu ikasema hapana. Iliniacha pale pale, nikaketi kwenye matope kati ya mihogo, na nililia, sioni haya kuliandika, nililia kama mtu aliyepokea maiti kisha maiti ikamuuliza habari ya asubuhi. Jike alikuja akaninusa kichwa. Binti yangu akaja pamoja naye, kule juu, wima.

Ndivyo mke wangu alivyotukuta aliporudi na beseni kichwani. Alisimama kwenye kona ya nyumba. Mimi chini, farasi juu yangu, mtoto juu ya farasi.

"Nani anamushika mutoto?" akapiga kelele.

"Hakuna mutu," nikasema.

Alitua beseni. Alikuja mbio, akainua mikono yote miwili kando ya kiuno cha binti yetu, tayari kumdaka, na akaiacha pale hewani, haigusi. Alimtazama mgongo.

"Niko najishika," binti yangu akamwambia. "Lakini munishushe sasa, mama, mukojo unanibana."